Maji Hayasomi Tangazo

Dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku.
Sasa ni saa nne na robo, na Otylia
amekwisha kuibandua lebo ya chupa ya maji,
ameikunja, ameikunjua, ameikunja tena.

Mama yake ameleta daftari.
Iwona hufanya hesabu za duka la matairi;
hata mimi, nadhani, alinipigia mistari kwanza
kabla ya kunikubali.
Safu ya kwanza: fani.
Ya pili: mshahara wa kuanzia.
Ya tatu: miaka mingapi kabla mashine haijaijua kazi hiyo.
Ya nne haina kichwa,
na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Uhasibu: ameukata mwenyewe, kwa wino mwekundu.
Kompyuta: mtoto wa Gerard, ghorofa ya tatu,
alifaulu kwa alama za juu. Tangu Februari yuko nyumbani,
barua mia na kumi na mbili, na mbwa
ambaye hajawahi kutembezwa namna hii.
Meno: pesa ipo,
lakini Otylia akiona damu huinamisha kichwa magotini.
Historia ya sanaa: hapo Iwona hakuandika kitu,
alichora duara dogo, kama yai.

Kisha wananigeukia. Baba, sema.

Niseme nini mimi?
Sikuchagua. Nilirithi ndoano.
Nambari mia nne na sita, chumba cha kuvulia nguo,
ule mnyororo unaozipandisha nguo zako hadi darini
zikaning'inia huko kama mtu asiye na mtu ndani.
Ilikuwa ya baba. Alipostaafu, wakanipa ileile.
Mchagua jembe si mkulima, alisema,
na jembe lake halikuwahi kufungwa kwa tangazo.
Shuleni walituahidi makaa ya miaka mia mbili.
Hawakudanganya. Makaa yapo.
Mgodi ndio hautakuwepo.

Karatasi iko langoni tangu Jumatatu,
ina mhuri, ina tarehe, ina pole.
Wenzangu huisoma wakiwa wamesimama upande,
kama watu wanaosubiri tramu ya mtu mwingine.

«Baba,» Otylia anasema, «mkishafunga,
pampu mtazizima?»

Sikuwa nimeambiwa niliwazie hilo.
Miaka ishirini na sita nimezisikia zikikoroma usiku na mchana
mpaka sizisikii.
Zikizimwa, nikamwambia, maji yatapanda.
Taratibu. Yatapita tulimopita,
kila kichochoro tulichokichimba Silesia hii yote,
yakibeba chumvi na kutu,
mpaka yatokee.
«Wapi?»
Mtoni, labda. Chini ya kanisa. Chini ya matairi ya mama yako.
Maji hayasomi tangazo.
«Nani anajua?»
Wawili, pale ofisini. Mmoja anastaafu Mei.

Akanyamaza. Akauvuta ule mstari wa mwisho wa daftari
akaandika kwa penseli: maji ya ardhini.

Iwona akachukua rula.
Mshahara: wa kawaida, akaguna.
Mashine: akafikiri kidogo. «Mashine haipendi tope.»
Safu ya nne akaijaza haraka, mkono ukiziba.
Niliona. Ni kilomita.
Kutoka hapa mezani, kwa fani zote, alikuwa amezijua kichwani
muda wote.

Sijui kama maji yatamlisha.
Hakuna aliyejua kama makaa yangenilisha mimi,
ila walikuwa wengi, na walikuwa na sauti nzito.
Saa tano na dakika hamsini na moja alibonyeza.
Duara likazunguka, likazunguka, likasimama.
Asante, kompyuta ikasema, kama mhudumu.
Akaenda kupiga mswaki.

Kesho nina zamu ya alfajiri.
Nitashuka na wenzangu, nitachelewa kidogo
pale kwenye pampu kubwa, taa nimeizima,
niyasikilize maji
kama mzazi aliyeketi mbele ya mwajiri wa mwanawe,
kofia mapajani.